Dawa Isiyofungiwa Kufuli

Mjukuu wangu akikutana na mgeni hutoa shikamoo, husubiri marahaba yake, kisha bila kuulizwa husema, "Mimi sili karanga." Halafu anakukazia macho mpaka ukubali kwamba umesikia. Ana miaka minne. Nawajua wanaume wazima wa kijiji hiki, wenye ndevu na mashamba, ambao hawajawahi kukataa kitu walichokaribishwa hata kama kinawaua. Huyu anakataa. Nimemfundisha mimi, na sioni haya kusema.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa ugumu wake. Kwetu huku Singida karanga haiko sahanini tu, iko hewani. Iko kwenye mlenda, iko kwenye majani ya kunde, iko kwenye uji, iko mfukoni mwa babu anayerudi mnadani. Ukifika nyumbani kwa mtu, kabla hujakaa vizuri umeshamiminiwa kiganjani. Ukikataa, wanakuangalia kama umesema nyumba yao inanuka.

Mtoto huyu ni wa binti yangu, ambaye yuko Dodoma anapika kwenye nyumba ya wageni. Alimwacha kwangu tangu alipoacha ziwa. Amebeba jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi namwita mama, naye ananiita bibi, na tunaelewana.

Siku nilipojua nilikuwa nimepika mlenda, nimeutia karanga kama mama yangu alivyoutia na kama bibi yangu alivyoutia. Mtoto alikula matonge mawili matatu. Mara akaanza kujikuna shingo. Midomo ikaumuka kama maandazi kwenye mafuta. Vipele vikamtoka mwili mzima, akakohoa, akatapika, kisha akalegea mikononi mwangu, macho yamekwenda juu. Jirani mmoja akasema jicho la mtu. Mwingine akasema apewe maziwa. Wa tatu akasema twende kwa mzee fulani kwanza, hospitali baadaye. Nikamfunga mgongoni, nikasimamisha pikipiki, nikamwambia kijana akiniangusha nitamlaani, lakini akienda polepole nitamlaani zaidi.

Kituo cha afya kilikuwa na dawa siku hiyo. Tabibu alimtazama mara moja, akamchoma sindano ya paja. Nikamwona mtoto anarudi, kama mtu aliyekuwa ameshatoka mlangoni akaitwa jina lake. Rangi ya uso ikarudi kwanza, kisha pumzi, kisha kilio. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Tabibu akanieleza. Akasema huo unaitwa mzio, mwili wa mtoto unaiona karanga kama adui, unapigana nayo mpaka unamziba koo mwenyewe. Haukuletwa na mtu. Hauondoki kwa maziwa. Akasema ikitokea tena, dawa ni ileile ya paja, na inatakiwa saa ileile. Si baada ya kutafuta usafiri.

"Sasa mimi nitaitoa wapi saa ileile?" nikamuuliza. "Nikae nawe hapa?"

Akacheka, akasema iko sindano imetengenezwa kama kalamu nene, hata mtu asiye tabibu anaweza kuichoma. Ila kwenye maduka yetu ya dawa haipatikani. Binti yangu akamweleza mwenye ile nyumba ya wageni, mama mmoja mwenye huruma, naye akamwagiza ndugu yake aliyesafiri nje ya nchi. Ikaja moja. Moja tu, imefungwa kwenye soksi.

Tabibu alinifundisha kuitumia kwa kalamu nene ya kuandikia ubaoni. Unatoa kizuizi, unasukuma kwa nguvu kwenye paja upande wa nje, hata juu ya nguo, unashikilia kidogo, ndipo unatoa. Unamlaza, unamwinulia miguu, usimsimamishe wala usimtembeze. Kama pumzi ndiyo inamsumbua, mwache akae. Kisha unamkimbiza hospitali hata kama anacheka, maana inaweza kurudi. Nilirudia mpaka tabibu akachoka yeye. Niliishia darasa la nne, lakini nikishika kitu nimekishika.

Basi ikabaki shida ya pili, nayo ndiyo niliyokusudia kuandika. Mimi nalima vitunguu bondeni. Nikiwa nimeinama kwenye matuta siwezi kumlinda mtoto anayeokota kila kitu. Kumwacha kwa jirani haiwezekani, kwa sababu kila uwanja una mama anabangua karanga. Mahali pekee pa kumwacha palikuwa kituo cha kulelea watoto cha kijiji, vyumba viwili vya bati chini ya yale mawe makubwa, na mtoto mwenyewe alikuwa anakitamani kwa sababu wenzake wote wako huko wanaimba a e i o u. Nisipolima hatuli. Nikimwacha mahali pabaya anakufa. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo.

Mkuu wa kituo ni mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza, mkali, mnyoofu, ambaye watoto wakimwona wanajipanga hata kama hajasema. Nilikwenda na kalamu yangu kwenye kifuko nilichoshona kwa kipande cha kitenge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Nimekuletea mjukuu na dawa yake."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kituo kina kanuni. Dawa za watoto haziingii darasani. Ikilazimu, zinafungiwa kwenye kabati la ofisi, na anayempa mtoto dawa ni mzazi wake, hakuna mwingine. Na kanuni hiyo haikutoka hewani. Mtoto mmoja aliwahi kunywa dawa ya kikohozi ya mwenzake, chupa nzima, kwa sababu ilikuwa tamu. Alilala mpaka jioni, mama yake analia, mtoto anamwagiwa maji. Kwa hiyo kanuni ilikuwa nzuri. Nilimwambia hivyo.

"Ila hii si dawa ya kikohozi, mwalimu. Hii mtoto hawezi kuisubiri."

"Nitaipokea kwa heshima yako bibi, lakini itakaa kabatini."

"Na ufunguo?"

"Ninao mimi."

"Na ukienda kwenye kikao cha kata?"

"Nakwenda nao. Ndiyo maana ya ufunguo."

Nikarudi na mtoto wangu nyumbani. Nilikaa na hasira siku nzima, nikapika ugali ukawa mgumu kama tofali. Kisha nikapata akili.

Nilisubiri siku ambayo najua yuko kata. Nikaenda kituoni asubuhi, watoto wako mkekani, mlezi msaidizi anawafundisha kuhesabu. Huyu ni binti wa hapahapa kijijini, mpole, namjua tangu akiwa anatambaa. Nikamkabidhi kile kifuko, nikamwambia akifungie kabatini kama kanuni inavyosema. Alikuwa na ufunguo wa mlango wa ofisi, na kabati ni la kujifunga lenyewe ukilisukuma, kulifungua ndiko kunakotaka ufunguo wa mkuu. Akakifungia, akarudi.

Nikakaa chini katikati ya watoto. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sasa ni mtoto mwenye mzio. Nimekula karanga, koo linaziba. Nitabana pumzi. Niletee dawa yangu kabla sijaachia." Nikajiziba pua, nikafunga mdomo.

Alidhani nachekesha. Watoto wakacheka. Alipoona macho yananitoka akakimbia. Nikasikia anavuta kabati, anaupiga mlango wake ngumi, anapiga simu, mwalimu hapokei kwa sababu yuko kikaoni. Mimi nilikuwa nimeshaachia pumzi zamani, nikavuta nyingine, nikabana tena. Nikaachia. Mtoto mmoja akauliza, "Bibi, umekufa?" Nikamwambia, "Nimekufa mara ya pili, subiri ya tatu." Mlezi akarudi analia, mikono mitupu.

Jioni mkuu wa kituo alinipigia simu.

"Bibi, umekuja kituoni kwangu kufanya maigizo?"

"Nimekuja kufa, mwalimu. Ulikuwa na ufunguo wangu."

Akakata. Nikajua nimemkasirisha. Lakini yule mwanamke ana kitu kimoja ninachokiheshimu, hasira yake haimzuii kufikiri. Baada ya hapo akaita kikao cha wazazi.

Tulikaa nje, upepo unatupeperushia vumbi machoni kama kawaida yake. Mkuu akaeleza shauri lenyewe bila kunisema vibaya. Akamaliza, wakaanza. Baba mmoja mwenye mbuzi wengi, ambaye mdomo wake haujui kufunga, akasimama akavuta koti.

"Mimi nauliza tu. Huu ugonjwa wa karanga umetoka wapi? Sisi tumekula karanga toka tumboni. Huyo mtoto apewe kidogo kidogo, atazoea."

"Wewe nyoka alipokuuma mwaka ule," nikamwambia, "ulipewa nyoka mwingine kidogo kidogo uzoee?"

Watu wakacheka mpaka mke wake. Akakaa. Mama mwingine akasema kama uji wa kituo utaondolewa karanga kwa ajili ya mtoto mmoja, basi utakuwa maji ya kuoshea vyombo. Mwingine akasema bibi huyu anamdekeza mjukuu.  Maneno hayo hayanivunji mfupa.

Kilichonyamazisha wote ni yule binti msaidizi. Alisimama huku anasokota ncha ya khanga.

"Mimi sikatai kumchoma," akasema. "Nikionyeshwa, naweza. Ila naogopa. Nikimchoma akapona, hamna neno. Nikimchoma akafa, mtasema nimemuua. Ndugu watakuja nyumbani kwetu na mapanga. Nisipomchoma akafa, mtasema ni mapenzi ya Mungu. Sasa mimi nichague lipi?"

  Hapo ndipo nikaona kwamba kufuli halikuwa kwenye kabati. Wale wanawake walikuwa wanatuogopa sisi.

Nikasimama. Sipendi kusimama kwenye vikao, magoti yanalia, lakini nikasimama.

"Nasema mbele yenu wote, na mama yake yuko kwenye simu Dodoma anasikia." Nikainua simu wakaiona. "Nikifika hapa nikamkuta mjukuu wangu amekufa na sindano imechomwa, nitamshika mkono aliyemchoma, nitamshukuru, na kwenye msiba atakula na ndugu zangu sahani moja. Nikimkuta amekufa na sindano iko kabatini, nitawashtaki wote, kuanzia mwalimu mpaka mwenye mbuzi."

Binti yangu kwenye simu akasema, "Mama kasema. Na mimi ndivyo ninavyosema." Sauti yake ilikuwa inakwaruza kwenye kipaza sauti, lakini wote waliisikia.

Mkuu wa kituo alitoa kalamu mdomoni. Kisha akasema kanuni ya zamani itabaki kwa dawa nyingine zote, kwa sababu ile chupa ya kikohozi hajaisahau. Lakini dawa ya kuokoa pumzi haitafungiwa. Itatundikwa kwenye msumari karibu na mlango, juu, mahali mtu mzima anafika na mtoto hafiki, na kila mtu mzima anayefanya kazi pale, mpaka mpishi, mpaka mlinzi, atafundishwa. Atakayekuwa karibu ndiye atakayechoma. Hatatafuta ruhusa. Atachoma kwanza, atampeleka mtoto kituo cha afya, na bibi atapigiwa simu wakiwa njiani, si kabla. Karanga haiingii kwenye uji. Akatuuliza kama kuna anayepinga. Mwenye mbuzi akafungua mdomo, mke wake akamvuta koti.

Tabibu alikuja mwenyewe kuwafundisha. Walichomana mapajani kwa kalamu ya ubaoni mpaka sketi zote zikawa na madoa ya bluu. Mlinzi, mzee wa rika langu, alikuwa anatoa kizuizi kwa meno. Akakemewa. Mkuu wa kituo alirudia kuliko wote, na kila akimaliza anauliza, "Na kama amelegea? Na kama anatapika?" Nikasema moyoni, huyu sasa naweza kumwachia.

Basi mtoto akaanza kituo. Nami nikarudi bondeni. Ilipita miezi ya amani. Vitunguu vilistawi, mtoto akajua nyimbo zote, akawa anamrekebisha hata babu wa jirani namna ya kuhesabu.

Siku yenyewe ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria, na hilo ndilo linalonifanya niwaambie watu kila ninapokwenda.

Mashine ya kusaga ya kijijini ni moja. Unapanga foleni, na unga wa aliyekutangulia hubaki kidogo tumboni mwa mashine, ukimwaga mahindi yako unatangulia kuingia kwenye ndoo yako. Wote tunajua. Wala hatulalamiki. Tena aliyekutangulia akisaga unga wa lishe, wenye mahindi, soya na karanga za kukaanga, unashukuru, kwa sababu unga wako unapata harufu tamu ya bure. Wanawake wanaviziana kwenye foleni kwa ajili hiyo. Mimi mwenyewe nimevizia tangu ujana.

Mpishi wa kituo alipeleka mahindi na uwele wa kituo kusaga. Mbele yake alikuwa mama anasaga lishe ya mtoto mchanga. Mpishi alikuwa nyuma kabisa ya foleni, akaomba kupishwa ili amfuate huyo huyo. Akapishwa, kwa kuwa ni uji wa watoto. Alirudi kituoni amefurahi, anasema leo uji utanukia. Karanga hakutia hata punje. Sufuria ilikuwa safi, mwiko safi, kanuni imefuatwa yote.

Mimi nilikuwa kwenye matuta, simu iko kwenye kikapu chini ya kichaka. Ilipoita nikaifuta tope kwa gauni. Sauti ya mkuu wa kituo.

"Bibi, nimemchoma. Anapumua. Tuko njiani tunakwenda kituo cha afya. Njoo huko."

Hakusema shikamoo. Katika maisha yake nafikiri ndiyo mara pekee amenipigia bila shikamoo, nami sikuidai.

Jinsi ilivyokuwa nilisimuliwa na yule binti msaidizi. Anasema mtoto alikunywa uji nusu kikombe, akaweka chini, akasema, "Mwalimu, mdomo unawasha." Hakulia. Alisema kama alivyofundishwa. Binti akamtazama, akaona mdomo umeanza kuumuka na sauti imekuwa kama ya jogoo mchanga. Akapiga kelele moja tu, "Kifuko." Mkuu alikuwa chumba cha pili na watoto wakubwa. Alitoka, akanyoosha mkono msumarini, akashusha kifuko. Binti alikuwa ameshamlaza mtoto mkekani. Mkuu akapiga magoti, akatoa kizuizi, akamsukumia paja juu ya gauni, akashikilia.  Mlinzi alikuwa ameshasimamisha kirikuu, gari dogo la mizigo lililokuwa linapeleka alizeti kukamuliwa. Wakamlaza mtoto juu ya magunia ya alizeti, kichwa kwenye mapaja ya mkuu, miguu mapajani mwa binti, na wale watoto wengine wakabaki na mpishi na mlinzi, wanaimba kwa woga.

Nilifika na jembe mkononi. Sijui kwa nini nilikuja na jembe. Mtoto alikuwa kitandani, uso bado mpana, macho madogo kama ya mtu aliyelala sana. Akaniona.

"Bibi, mwalimu kanichoma. Nimelia kidogo tu."

"Nimesikia, mama. Umefanya vizuri kulia."

Tabibu aliuliza nani alimchoma. Mkuu akajibu, "Mimi." Akamweleza mtoto alikula nini, alianzaje, alichomwa paja lipi, baada ya hapo alikuwaje. Hakuongeza wala hakupunguza. Tabibu akasema, "Umefanya sawasawa." Basi. Akageukia mgonjwa wake.

Yule mwanamke akatoka nje taratibu, akafika kwenye benchi la ukutani. Nikamkuta amekaa amejishika kichwa.

"Bibi, ningeweza kumuua."

Nikaweka jembe pembeni, nikamshika mkono, mkono wangu una tope la vitunguu mpaka kwenye kiwiko.  Nikamwambia, "Gauni lako limechafuka uji." Akacheka huku analia, na mimi hivyohivyo, tukawa vichekesho kwa wagonjwa waliopanga foleni.

Tabibu hakuturuhusu kuondoka. Na ni kweli, mchana vile vipele vilirudi na kikohozi kikaanza, akatibiwa tena palepale. Nikaelewa kwa nini alisema hospitali hata kama mtoto anacheka. Kama tungemrudisha nyumbani na furaha zetu, sijui.

Mpishi alikuja kwangu siku iliyofuata na kuku jike chini ya kwapa, macho mekundu. Akaeleza habari ya mashine. Nilimsikiliza, na kila alilosema nilijiona mimi mwenyewe kwenye ile foleni. Nilimwambia hana kosa la kuletea kuku. Akasema basi amrudishe. Nikamwambia kuku amwache, sina wazimu.

Sasa dawa ilikuwa imetumika. Msumari uko mtupu. Wazazi wakaanza kunitumia salamu, mlete mtoto, sisi tutamwangalia. Mkuu wa kituo akaja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai.

"Wazazi wanasema aje, bibi. Mimi nimekuja kusikia kwako."

"Wewe unasemaje?"

"Kanuni inasema asikae kituoni bila dawa yake msumarini. Nimeiandika mwenyewe."

"Basi umeshajijibu. Kunywa chai."

Nilimpenda sana siku ile. Mtu mwingine angelegeza ili nimwone mwema. Mtoto akakaa nami nyumbani, amenuna, ananifuata bondeni, anachezea mifereji na kunivunjia matuta. Nilikuwa nainuka kila mara kumtazama ameokota nini. Palizi ilinishinda, magugu yakakaribia kuimeza nusu ya shamba. Binti yangu Dodoma alikuwa anahangaika kutafuta kalamu nyingine. Sikumwomba mtu alegeze, wala mimi sikulegea.

Wakati huohuo mkuu aliita tena wazazi, shauri ni unga. Akasema hata mashine ikisafishwa kwa pumba hawezi kuwa na hakika, na yeye anataka hakika. Tabibu naye alipoulizwa akasema hivyohivyo. Palikuwa na ubishi. Ukaishia kwenye jambo ambalo sikutegemea kuliona tena kijijini hapa. Wakamwagiza fundi achonge kinu kipya, kinu cha kituo, ambacho karanga haijawahi kuingia wala haitaingia. Akina mama wanapokezana kutwanga. Wanawake ambao hawajashika mchi tangu mashine ilipoletwa, na wengine vijana hawakuwa wameushika kabisa, wakawa wanakuja na viganja vyenye malengelenge, wanatukanana kwa utani.

Kalamu ilifika na basi la kutoka Dodoma, safari hii imefungwa vizuri. Kesho yake asubuhi nikampeleka mtoto. Uwanjani mke wa mwenye mbuzi alikuwa zamu, anatwanga uwele na mwenzake, mmoja juu mmoja chini.

"Bibi, shikamoo. Huyu mjukuu wako anatumaliza mikono," akasema bila kuacha kutwanga.

"Marahaba. Unatwanga kama unaua panya. Inua mchi vizuri."

"Njoo basi utuonyeshe."

Nikaweka kikapu, nikachukua mchi, nikatwanga. Wakahesabu kwa kupiga makofi mpaka nikaishiwa pumzi, na safari hii sikuwa naigiza. Mkuu wa kituo akatoka. Akapokea kifuko, akaitoa kalamu, akatazama kile kidirisha chake kama dawa ni safi, akasoma tarehe kwa sauti ili msaidizi na mpishi wasikie, akairudisha, akaitundika. Mtoto alikuwa ameshaniachia mkono. Yuko mkekani, amebanana na wenzake, anaimba kwa sauti kuliko wote na anakosea maneno.

"Bibi," mkuu akasema, "sasa nenda shambani."

Nikachukua kikapu changu nikaenda bondeni. Nikainama kwenye matuta mpaka jua likawa la utosi, na sikuinua kichwa hata mara moja.